Mgeni Rasmi Nyumbani Kwetu

Sahani ile niliinunua mimi mwenyewe, mjini Iringa, katika duka moja karibu na soko. Ilikuwa ya bati, nyeupe, yenye ukingo wa buluu, pamoja na kikombe chake. Niliifunga kwa gazeti nikapanda nayo basi hadi Ilula, na njia nzima niliipakata kama mtu aliyebeba mayai. Nimefanya makosa mengi maishani. Mengine niliyafanya kwa hasira, mengine kwa pombe ya ulanzi. Hili nililifanya nikiwa sijaonja hata tone, kwa elimu tupu.

Elimu yenyewe ilikuwa hivi. Nilikuwa nimemaliza darasa la kumi na mbili, na pale kijijini, katika miaka ile ya sabini, wa namna hiyo tulikuwa wawili tu. Mwenzangu alihamishiwa Dodoma, nikabaki msomi peke yangu. Nilikuwa karani wa ofisi ya kata. Watu waliniletea barua zao niwasomee, na maandishi ya kwenye chupa za dawa za mifugo, na mara moja mzee mmoja aliniletea kipande cha gazeti la Kizungu kilichokuwa kimefungiwa chumvi, akitaka kuhakikisha hakuna habari inayomhusu. Nilisoma kila kitu, na sikuwahi kumwambia mtu kwamba sijui.

Binti yangu alikuwa na miaka sita jino lake la chini lilipoanza kulegea. Tulifurahi, tukadhani ni meno ya utoto yanayapisha ya ukubwani. Likafuata la pili, la tatu, kisha taya likavimba. Kwa wiki tatu shavu lilikuwa limepanda hadi kuziba jicho. Hospitali ya misheni walimtazama siku moja tu, wakatuandikia barua ya kwenda Dar es Salaam. Huko wakasema ni saratani ya taya, ugonjwa unaopenda watoto. Neno hilo mke wangu alikuwa hajawahi kulisikia. Mimi nililijua kwa Kiingereza, na sikusaidika kitu.

Alikaa wodini miezi mitano, mama yake akilala sakafuni kando ya kitanda. Dawa ilipita kwenye mshipa, nywele zikaisha zote, lakini uvimbe nao ukaisha, na ulianza kunywea kabla hata ya wiki ya pili. Watoto waliolazwa naye, wengine walirudi kwao, wengine hawakurudi. Wangu alirudi. Taya lilibaki limepinda kidogo upande wa kushoto, basi.

Walirudi na karatasi. Iliandikwa kwa Kiingereza, na hapo ndipo mkosi wetu ulipoanzia, kwa kuwa nilikuwepo wa kuisoma. Ilisema kwamba kwa kipindi chote cha dawa mwili wa mtoto unakuwa hauna nguvu ya kujikinga, asikaribiane na wagonjwa wa kifua wala wa surua, na vyombo vyake vioshwe kwa maji ya moto. Kipindi cha dawa kilikuwa kimekwisha siku waliyopanda basi kurudi. Lakini mimi nilijiambia kwamba maagizo mazuri hayana mwisho. Nikaenda mjini kununua sahani.

Kwetu watoto hawali nyumbani kwao. Wanakula pale njaa inapowakuta. Sinia la ugali linawekwa chini, bakuli la maharage katikati, na mikono inayoingia mle huwezi kujua ni ya watoto wa nani. Mama akihesabu vichwa anaonekana mchoyo. Katika utaratibu huo ndimo nilimoingiza sahani moja nyeupe yenye ukingo wa buluu, nikamkalisha binti yangu kwenye kigoda, pembeni, hatua tatu kutoka kwenye sinia.

Mke wangu alisema siku ileile. "Baba watoto, kule wodini tulikuwa tunaunganisha chakula chote kwenye sinia moja, watoto wote wanakula. Na hakufa mtu kwa sababu ya sinia."

"Wewe umesoma wapi?" nikamwuliza.

 Alikuwa ameishia darasa la nne, na nilijua. Swali lile nimelikumbuka mara nyingi kuliko mambo yote niliyosoma.

Mtu wa pili kuisema sahani alikuwa bibi jirani yetu, mwanamke mkongwe ambaye wajukuu wake walikuwa wanashinda kwangu. Alikuja na unga na kuku kumpa mtoto pole, akaiona sahani.

"Kamwene, karani. Huo ugonjwa unaambukiza?"

"Hapana, bibi. Hauambukizi hata kidogo."

"Sahani ya nini basi?"

"Usafi tu. Maagizo ya daktari."

"Kwa hiyo sisi wachafu."

"Sijasema hivyo, bibi."

"Hujasema. Umenunua."

Aliondoka bila hasira. Siku ya pili wajukuu zake hawakuja kula kwangu. Walikuja kucheza, lakini kabla ya chakula aliwaita. Watu wa kijiji walikuwa na akili. Waliona kwamba msomi anasema ugonjwa hauambukizi, na waliona msomi huyohuyo anavyomkalisha mwanawe hatua tatu pembeni. Wakaamua kuiamini sahani.

Sitaki mtu adhani walimtesa. Laiti wangemtesa, ningejua la kufanya. Walimpenda. Akipita walimwita, wakampa yai la kuchemsha, muwa, kigoda kizuri kuliko vyote. Wakati wa kulima kwa kusaidiana, wanawake walimtandikia kanga kivulini apumzike, huku wenzake wa umri wake wakipalilia na kuimba na kurushiana udongo. Niliandika barua shuleni asishike jembe kwenye shamba la shule, na mwalimu mkuu akanijibu kwa heshima kwamba ombi limekubaliwa. Na majirani, kwa wema, walianza kununua sahani. Mmoja alinunua, wa pili akanunua, na kufika mwaka wa pili karibu kila nyumba tuliyotembelea ilikuwa na sahani ya peke yake ya binti yangu, imewekwa juu, safi. Nilizunguka nyumba kwa nyumba kuwashukuru.

Watoto walimpa jina. Akitokea tu njiani, mmoja alisimama wima, mikono mbavuni, akapaza sauti: "Mgeni rasmi amewasili! Wote simameni!" Wakasimama, wakapiga makofi, wakampisha apite. Nilipowasikia mara ya kwanza nilitabasamu. Nilidhani ni heshima.

Halafu palikuwa na ushuhuda. Kila mwaka baada ya mavuno kanisa letu lilikuwa na sikukuu ya shukrani, watu wanaleta mahindi, maharage, maboga, mbuzi. Mimi nilileta muujiza. Nilimwandikia binti yangu maneno, akayakariri, akasimama mbele na gauni jeupe na kusema jinsi alivyokuwa kaburini na jinsi Bwana alivyomtoa. Akina mama walilia. Mchungaji alimshika bega akamgeuza kidogo ili watu waone shavu. Mwaka wa kwanza nami nililia. Mwaka wa pili nilirekebisha maneno kidogo, nikaongeza sehemu ya baba kutokata tamaa.

Mwaka wa nne alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alisema yote niliyoandika, sawasawa, kwa sauti ileile ya mtu anayesoma bei ya mazao. Nikasubiri "Amina" yake ya mwisho. Haikuja. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Naomba leo mtu mmoja ale na mimi."

Kanisa zima likaitikia, "Amina!"

Mchungaji akasema, "Bwana asifiwe," kwaya ikaanza, na binti yangu akarudi kwenye benchi akakaa.

Lakini wanawake walikuwa wamesikia. Baada ya ibada chakula kilipakuliwa uani, masinia ya wali na nyama, na sahani nyeupe ikatolewa kikapuni kama kawaida. Bibi jirani yetu alinyanyuka. Aliinuka taratibu, magoti yalikuwa yanamsumbua, akaelekea kwa binti yangu, na wengine wawili wakamfuata. Walipofika karibu walisimama wakanitazama. Walikuwa wananiomba ruhusa. Uani palikuwa na watu mia, na wote walinigeukia, nami nikaona aibu, nikaona kama nimeshtakiwa hadharani na mwanangu mwenyewe kwamba simtunzi.

Nikasema, "Msihangaike, mama zangu. Mtoto ana sahani yake."

Wakarudi kukaa. Neno langu lilikuwa na uzito sana kijijini.

Tangu siku hiyo binti yangu aliacha kusema. Hakuwa na kiburi. Ukimtuma alikwenda, ukimwamkua aliitika. Lakini hakuanzisha neno. Kisha akaacha kula, akisukuma chakula huku na huku kwenye ile bati, na mchana alilala akitazama ukuta. Akapungua. Mke wangu alimpapasa taya kila asubuhi kutafuta uvimbe, na mimi nilimpapasa kila jioni, maana sikuuamini mkono ambao haukusoma. Hatukupata kitu. Nikaamua ugonjwa umerudi kwa ndani, nikampeleka hospitali mjini Iringa.

Tulipokewa na mganga mmoja wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Alimpima kichwa hadi vidole. Akaisoma karatasi yangu, ambayo kufikia hapo ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo.

"Huyu ni mzima," akasema.

"Hali chakula, daktari. Hasemi."

"Anacheza na nani?"

"Hachezi," nikajibu kwa fahari. "Tunamtunza sana."

"Anakula na nani?"

"Ana sahani yake."

"Sijauliza vyombo, mzee. Nimeuliza watu."

Nilikuwa sijafika hata miaka arobaini, ndiyo mara ya kwanza kuitwa mzee. Akamgeukia mtoto. "Unataka tukusaidie nini, mama?"

Binti yangu alimtazama muda mrefu. Akasema, "Naomba unilaze."

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi. Wodini watoto wanakula pamoja."

Mganga alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. Hakunifokea. Alinionyesha tu kwa kidole yale maneno ya kwenye karatasi, "kwa kipindi cha dawa", kana kwamba mimi ndiye nisiyejua kusoma. Akasema niende nikamrudishe mtoto kwenye sinia.

Mtu mwenye busara angerudi nyumbani, angemvuta mwanawe kwenye sinia na kukaa kimya. Mimi nilikuwa karani. Jambo kama hilo niliona linahitaji tangazo. Nikamwomba balozi wetu wa nyumba kumi aitishe kikao, watu wakaja, nikasimama nikasema kwamba kuanzia leo binti yangu anaweza kula na watu wote, sahani imeondolewa.

"Kuanzia leo?" akauliza bwana mmoja aliyekuwa na watoto saba.

"Kuanzia leo."

"Ina maana mpaka jana ulikuwa unaambukiza."

"Hapana, ndugu yangu. Haujawahi kuambukiza."

"Sasa unatangaza nini?"

"Natangaza kwamba hauambukizi."

"Karani, miaka minne wanangu wanakwenda naye shule, njia moja! Ulikuwa unasubiri nini kutuambia?"

"Nilikwambia! Niliwaambia wote!"

"Ulituambia sahani," akasema bibi jirani yetu.

Wiki ile familia mbili ziliwapeleka watoto wao zahanati wakapimwe mataya. Na nyumbani kwangu, nilipomkalisha binti yangu kwenye sinia, watoto wa jirani waliokuwepo walirudisha mikono yao mapajani, kwa adabu kabisa, wakasubiri amalize kwanza. Alimega tonge moja. Akawatazama. Akanyanyuka mwenyewe, akaenda kuichukua sahani yake mahali nilipoificha. Kumbe alijua siku zote.

Miezi michache baadaye baba yetu mdogo alifariki, na dada yangu mkubwa akaja msibani kutoka Mbeya. Alikuwa ameolewa kule siku nyingi, analima viazi upande wa Uyole na kuuza sokoni, mwanamke wa sauti kubwa ambaye hakuwahi kunivumilia tangu utotoni. Wakati wa chakula alimwona mtoto peke yake pembeni. Hakuuliza. Alikwenda akachuchumaa mbele yake, akachovya mkono kwenye sahani ile, akatia tonge mdomoni.

"Mama yangu! Chumvi ya humu iko wapi? Shangazi, wewe unakula hiki kila siku na hujalalamika?"

Binti yangu aliutazama ule mkono. Nilimwona anavyoutazama. Akasema, "Kinakuwa kimepoa." Maneno mawili, na kwa nyumba yetu yalikuwa hotuba.

Jioni dada akaniambia, "Nitaondoka na huyu."

"Dada, Mbeya kuna baridi. Kifua chake..."

"Baridi ya Mbeya haichagui, inatupiga wote. Atapigwa pamoja na wenzake."

"Na watu wa kule watauliza kuhusu shavu. Utawaambia nini?"

"Nitawaambia aliumwa akapona. Kwani uongo?"

Nikaanza kutafuta ile karatasi nimpe. Akaona. "Mdogo wangu, hiyo acha hapahapa. Ukinipa naiwashia moto."

Mke wangu alifunga nguo za mtoto usiku uleule, bila kuniuliza, na hakuweka gauni jeupe.

Waliondoka. Nyumba ikawa na amani ya ajabu, ile ya nyumba ambayo hakuna tena wa kuchungwa. Barua zilikuja mbili, mwandiko wa binti yangu, salamu na habari za shule, na kwamba shangazi yake anamwamsha alfajiri kupanga viazi kwenye magunia. Kupanga viazi! Niliandika barua kali kuhusu mgongo wake. Haikujibiwa.

Ulipofika tena wakati wa sikukuu ya shukrani, mchungaji aliniuliza kama mtoto atakuwepo. Watu nao waliuliza. Niliona nafasi ya kuyatengeneza mambo mbele yao, asimame, mzima, amenona, waone wenyewe, na safari hii nimwache aseme atakalo. Hivyo ndivyo nilivyojieleza. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi la kwenda Mbeya kumchukua.

Nilifika mchana, wiki ya baridi kali, ukungu umelala juu ya mabati. Nyumba ya dada yangu ilikuwa mtaani kwenye mteremko, na kabla ya kuifikia nilisikia kelele ndani. Mlango ulikuwa wazi. Watoto sita walikuwa wamezunguka sinia la viazi na nyama, magoti yamegusana, na mmoja wao alikuwa anampiga binamu yake kofi mkononi.

"Huo mkono wako una macho? Kila mara unakwenda kwenye nyama!"

"Na wewe umekula tatu!"

"Nimekula mbili, muulize huyu. Mwongo we, mwenye tumbo la ndama!"

Ilinichukua muda kuelewa kwamba sauti ile ni ya nani. Alikuwa amenona. Alikuwa na mchuzi kidevuni, upande ule ule wa kushoto, na hakuna aliyeutazama.

Kisha akaniona.

Mkono uliokuwa umeelekea kwenye sinia ulisimama hewani. Akaurudisha, akaupangusa kwenye sketi, akanyoosha mgongo, akavuta miguu yake nyuma kidogo, mbali na wenzake. Hakuna aliyemwambia. Alifanya yote hayo kwa pumzi moja, na uso ukawa ule niliouacha Ilula. Watoto wengine nao wakanyamaza, wakimtazama, hawajui kimetokea nini.

Nilikuwa nimebeba hotuba kutoka Iringa. Kwenye basi nilikuwa hata nimechagua maneno. Nikayatafuta sikuyaona.

Dada yangu alitokea jikoni na mwiko mkononi. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akaelewa kabla yangu. Hakunisalimia.

"Toka nje kidogo, mdogo wangu," akasema. "Watoto wamalize kula."

Nikatoka. Nilikaa juu ya gunia la viazi, nimejikunyata ndani ya koti, mgongo wangu ukiwa kwenye ukuta wa nyumba ile. Kwanza hapakuwa na sauti. Nilikuwa sijawahi kuombea kelele za watoto maishani mwangu, na pale niliziombea. Ilichukua muda. Kisha nikasikia mmoja akisema jambo, mwingine akacheka, na mwishowe sauti ya binti yangu, ya chini bado: "Hicho ni changu, nilikuwa nimekishika." Wakaanza upya.

Alitoka baadaye akiwa amenawa. Akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo." Akasimama akichora ardhi kwa kidole cha mguu. "Umekuja kunichukua?"

Ndani kulikuwa kimya tena. Nilijua wote wanasikiliza, na dada yangu na mwiko wake.

"Hapana," nikasema. "Nilikuja kukusalimia. Naondoka kesho."

Alinitazama kuhakikisha. Kisha akasema, "Haya," akageuka, na kabla hajafika mlangoni alikuwa anakimbia.